Oda Imekatwa

Kwa miaka thelathini na moja watu walimfahamu kuanzia kidevuni kwenda juu. Kiwiliwili chake chote kilikuwa nyuma ya dirisha la tiketi la stesheni ya reli, na abiria aliyeinama kulipa nauli aliona masharubu na macho mawili yasiyopenda upuuzi. Wakamwita Dirisha. Alipostaafu akatoka nje mzima mzima, na jina likamfuata. Mpaka leo kinyozi wa ng'ambo ya barabara akimwona hupaza sauti, "Dirisha, tumefungua?" naye hujibu, "Pangeni foleni kwanza."

Mtu wa namna hiyo, ndugu yangu, usimpe kazi ya kumzuga. Ataijua kabla hujamaliza kumweleza.

Ndiyo maana siku binti yake alipoweka kompyuta juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama yake na kusema, "Baba, nina kazi nataka unisaidie," Dirisha alikunja uso. Binti huyo ndiye kitinda mimba wake, na nyumbani aliitwa Kitinda tu, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minne na alifundisha kompyuta chuoni. Waliishi wawili, baba na mwana, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Na wote wawili walijua kazi hiyo imetokea wapi. Mwezi ule sufuria mbili zilikuwa zimeungua jikoni. Bomba la bafuni lilikuwa limeachwa wazi kutwa nzima mpaka maji yakaenda kumsalimia jirani. Daktari alisema maneno yake ya kidaktari, kisha akaongeza kwa lugha ya watu: mzee asikae bure, akili ipewe cha kutafuna.

"Kazi gani?" akauliza Dirisha.

"Ya kusoma."

Kitinda alikuwa ametengeneza programu ya kununua na kuuza sarafu za mtandaoni, zile pesa zisizoshikika, ambazo bei yake hupanda na kushuka usiku na mchana bila hata kupumzika kula. Programu ilifanya biashara yenyewe. Bei ikishuka kiasi fulani inanunua, ikipanda kiasi fulani inauza, kila agizo la namna hiyo likiitwa oda, na kila inachofanya inakiandika kwenye kioo cha kompyuta, mstari mmoja mmoja, pamoja na saa. Mistari hiyo Kitinda aliiita kumbukumbu.

"Yaani inajitunzia kumbukumbu yenyewe," akasema Dirisha.

"Ndiyo, baba."

"Basi imeshanizidi."

Kitinda hakucheka. Akajishughulisha na waya wa kompyuta uliokuwa hauna shida yoyote.

Mwanzoni mistari ilikuwa ya Kiingereza cha mafundi wa kompyuta, ambacho hata Waingereza wenyewe sidhani kama wanakielewa. Dirisha akaitazama nusu saa, akasema anasikia usingizi. Jumapili iliyofuata Kitinda alishinda kwenye meza ya cherehani, chai ikipoa pembeni, akibadili kila ujumbe kuwa Kiswahili, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya msomaji mmoja tu duniani. Hilo nalisema mapema ili huko mbele usije ukamhukumu vibaya.

Kisha akakata kipande cha boksi la viatu, akaandika kwa kalamu nene: TAARIFA, soma tu. ONYO, nipigie. KOSA, nipigie haraka. Akakisimamisha kando ya kompyuta, akaenda zake kazini.

Siku ya kwanza Dirisha alipiga simu mara moja. Alisema mashine haijui saa.

"Hapa ni saa tatu asubuhi. Yenyewe inasema tisa."

"Tisa yake ndiyo tatu yetu, baba."

"Basi ingesema tatu. Inamringishia nani?"

Toka siku hiyo akawa anasahihisha mwenyewe. Alitoa daftari la jalada gumu, lile la aina aliyoitumia stesheni, akapiga mistari kwa rula, akaanza kunakili. Mkuu wake wa kwanza alikuwa amemfundisha kwamba dirishani hakuna jambo dogo. Ukiuza andika, ukirudisha chenji andika, ukienda msalani andika, tena yote katika safu moja kwa mpangilio wa saa, maana siku ya ukaguzi hujui ni dakika gani itaulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo ukurasa wake ulisomeka hivi: saa tatu na kumi, nasubiri. Saa tatu na robo, nimekunywa dawa ya presha. Saa tatu na dakika arobaini, oda 206 imepokelewa. Saa nne na dakika mbili, kinyozi amekuja kuazima mkasi, ajabu.

Na kazi aliyoishuku ikamwingia. Programu akaipa jina la Karani. Jioni Kitinda akirudi alikuta ripoti inamngoja mlangoni: leo Karani katulia, leo Karani kahangaika, leo mtandao ulikuwa mzito saa nne Karani akapayuka "hakuna jibu, hakuna jibu" kama mtu aliyepotezana na mwenzake sokoni. Sufuria hazikuungua tena, kwa sababu jiko lilikuwa mbali na Karani. Kinyozi aliyezoea kucheza naye drafti asubuhi akalalamika kwamba ameolewa na kompyuta.

Kilichokuwa hakiendi vizuri ni biashara yenyewe. Akiba ya Kitinda ilikuwa inapungua kidogo kidogo, na hakujua inavujia wapi. Programu ilikuwa inanunua zaidi ya alivyoiagiza. Jioni alipofungua kumbukumbu kutafuta sababu, asubuhi ilikuwa imeshafutika. Kompyuta ilikuwa kuukuu, nafasi finyu, kwa hiyo alikuwa ameiamuru itunze mistari elfu moja ya mwisho tu, na Karani kwa jinsi anavyosema "nasubiri, nasubiri" alikuwa anaimaliza elfu hiyo kabla ya alasiri. Wala hakuwaza kuuliza daftari la baba. Alidhani ni la kumpitishia mzee siku. Msomi naye ana upofu wake.

Ikaja Jumatano.

Saa tano kasoro, Karani ambaye siku zote huandika oda moja moja kwa kujivuta, aliamka. TAARIFA: oda 431 imekatwa. TAARIFA: oda 432 imekatwa. Dirisha akavaa miwani vizuri. Thelathini na tatu imekatwa, thelathini na nne imekatwa, mpaka mia nne arobaini, kumi mfululizo, wala hapakuwa na ONYO wala KOSA. Mzee alipiga paja kwa furaha. Alizikumbuka asubuhi za sikukuu stesheni, foleni imetoka nje mpaka kwenye ngazi, naye anakata tiketi, anakata, anakata, mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Aliandika kila moja, na chini ya ya kumi akapiga mistari miwili.

Kitinda aliporudi, baba yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Hodi hodi ya nini leo, ingia! Karani amekata kumi!"

"Kumi nini?"

"Oda! Mia nne thelathini na moja mpaka arobaini, hajapumua!"

Binti akaweka mkoba chini taratibu. "Zilikatwa? Kumi? Saa ngapi?"

"Tangu saa tano kasoro."

"Baba." Sauti ilikuwa imebadilika. "Leo bei ilishuka ajabu, ndiyo siku niliyokuwa naisubiri wiki tatu. Oda kumi za kununua zimekatwa zote, na wewe umeona, ukakaa kimya?"

"Nikae kimya vipi na nimekuambia kabla hujavua viatu?"

"Ungenipigia!"

"Nikupigie kwa habari njema? Si uliniambia TAARIFA nisome tu?"

"Habari njema," Kitinda akarudia, pole pole, akimtazama. Na Dirisha akaona machoni mwake kitu kibaya kuliko hasira. Hasira za binti yake alikuwa anazifahamu, zilikuwa za mama yake, zinawaka na kuzimika. Hii ilikuwa hofu. Alikuwa anamtazama kama walivyotazama pamoja ile sufuria ya pili.

Akaingia chumbani, na ukuta wa nyumba ile haukuwa na siri. "Kaka, nimeshindwa," Dirisha alimsikia akisema kwenye simu. "Leo ameona mambo yanaharibika mbele yake, akafurahi. Kaka, alifurahi. Mimi nashinda chuoni, siku atakapowasha jiko tena nitamkuta vipi?" Akamsikiliza kaka mkubwa. Halafu, "Haya. Jumamosi."

Hakumficha. Nampa haki yake. Alitoka macho mekundu, akakaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo, akasema, "Baba, utaenda kwa kaka. Wifi anashinda nyumbani, hutakuwa peke yako. Tiketi yako nimeshakata kwa simu. Jumamosi, saa mbili asubuhi."

Dirisha akajibu, "Sawa, mama," maana angesema nini.

Mwanawe mkubwa alikuwa mtoto mwema, hilo halina ubishi. Alikaa safari ya treni ya siku nzima kutoka pale, nyumba kubwa, mke mpole. Dirisha angepewa kiti kizuri, angeletewa chakula kwenye sinia, na hakuna ambaye angemuuliza jambo lolote tena mpaka siku ya kufa. Stesheni mizigo nayo ilikuwa na dirisha lake. Inapimwa, inabandikwa karatasi, inapokelewa upande wa pili kwa sahihi. Hakutaka kuwa mzigo wenye sahihi. Alitaka kubaki hapa, na meza ya cherehani, na kinyozi mpumbavu, na huyu mtoto anayegombana naye kwa upendo. Alilia kidogo akinawa uso, ambapo maji yanasaidia kuficha.

Asubuhi ya Alhamisi Kitinda alienda kazini bila kusema "niangalizie Karani." Dirisha akakaa mbele ya kompyuta vilevile. Nguo zake zilikuwa hazijapangwa, wala hakuwa na haraka nazo. Neno moja lilikuwa linamkera jinoni kama uzi wa nyama.

*Tiketi yako nimeshakata.*

Amesema kukata, mzee akawaza, na maana yake tiketi ipo. Nami nikisema oda zimekatwa, anataka kulia. Kukata si kukata?

Akiwa katika kuwaza hivyo, kule nje kinyozi akapiga ukelele, "Jamani, wameukata tena!" Mashine yake ya kunyolea ilikuwa imezimika katikati ya kichwa cha mtu. Umeme.

Dirisha akashusha miwani.

Kumbe! Umeme ukikatwa, haupo. Maji yakikatwa, hayapo. Simu ikikatwa, mtu wa upande wa pili ametoweka na neno lake mdomoni. Tiketi ikikatwa ndiyo imezaliwa. Kuna kukata kunakompa mtu na kuna kukata kunakomnyima, na yeye, aliyekula mshahara wa kule kwa kwanza maisha yake yote, hakuwahi hata kugeuza shingo kukutazama kwa pili. Mtoto aliandika "imekatwa" akimaanisha imefutwa. Baba akasoma imetolewa. Hakuna aliyerukwa na akili, ni neno moja lenye makali pande mbili.

"Sijachanganyikiwa," akasema kwa sauti. Hapakuwa na mtu, akarudia hata hivyo. "Sijachanganyikiwa mimi!"

Kompyuta ilikuwa ikiendelea kwa betri. Dirisha akalifungua daftari lake ukurasa wa kwanza, akaanza kulisoma upya lote, safari hii kwa Kiswahili cha binti yake. Na ukishajua "imekatwa" ni huzuni, unaanza kujiuliza nani kafa. Akafuatilia nyuma. Kila palipokuwa na kukatwa, siku hiyo au ya jana yake palikuwa na mtandao mzito. Na kila palipokuwa na mtandao mzito, aliikuta mistari ya namna moja:

Natuma oda 412.
Hakuna jibu. Natuma tena oda 412.
Oda 412 imepokelewa.
Oda 412 imepokelewa.

Aliweka kidole kwenye 412 ya kwanza, na kingine kwenye ya pili. Akarudi wiki ya kwanza. 207, imepokelewa mara mbili. 318, mara mbili. 355, mara mbili. Mtu aliyekagua vishina vya vitabu vya tiketi miaka thelathini na moja, vile vipande vinavyobaki baada ya kuchana, hahitaji kuchorewa picha. Namba moja, abiria wawili, kiti kimoja. Karani alikuwa anauza tiketi ileile mara mbili, mkoba wa binti yake unalipa mara mbili, na siku ya bei nzuri ikifika hauna kitu, oda zinakatwa.

Mzee alisimama kwa kasi mpaka goti likalia. Akachukua simu, akarudi kwenye ukurasa wa 412 ili awe tayari kusoma namba. Ndipo jicho lake likashuka mstari mmoja chini.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili, nimekunywa dawa ya presha.

Saa nne na dakika kumi, nimekunywa dawa ya presha.

Kati yake: kinyozi amegonga, ataka chenji.

Dawa ile ilikuwa moja kwa siku. Dirisha akakaa. Akageuza kurasa. Ukurasa wa 318, mara mbili. Ule wa 355, mara mbili, na mwandiko wa pili ni mzuri zaidi ya wa kwanza. Alikumbuka kizunguzungu cha Jumanne, alipolilaumu zulia. Hakukumbuka kabisa kumeza kidonge cha pili. Alijaribu, akatafuta kichwani kote, na kichwa kikanyamaza. Hakuna jibu, natuma tena.

Aliogopa, ndugu yangu. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi ya mkewe.

Na hapo ndipo penye kazi, nisikilize vizuri. Akimpa Kitinda daftari, Kitinda atajua Karani anaharibu wapi, na akiba yake itapona. Na atajua pia baba anaharibu wapi. Mtoto aliyemkatia tiketi kwa ajili ya sufuria atasema nini kwa ajili ya dawa za presha? Angeweza kuchana kurasa, lakini vilikuwa ukurasa mmoja, oda na dawa, safu moja kwa mpangilio wa saa kama alivyofundishwa na yule mkuu wake, Mungu amrehemu na amsamehe. Basi akachukua karatasi safi, akaanza kunakili oda peke yake. Mwandiko ulitoka mzuri. Alipofika nusu akaweka kalamu. Stesheni aliwahi kuona karani mwenzake akifukuzwa kazi kwa daftari safi lisilo na doa, lililonakiliwa usiku wa kuamkia ukaguzi, na Dirisha mwenyewe ndiye aliyesema siku ile kwamba daftari lililonakiliwa si daftari, ni hadithi. Tena hadithi ya nani? Ya mzee aliyechanganyikiwa. Nani ataiamini?

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi ikapita pia, naye hajasema.

Ijumaa jioni Kitinda alirudi na soksi mpya jozi tatu na chupa ya maji ya safari. Akafungua sanduku juu ya kochi, akaanza kukunja mashati ya baba yake, akiyapiga mikunjo ambayo haikuwepo. Shati la nne lilipoingia, Dirisha akasema, "Mama, acha mashati kwanza. Namba ya oda, nani huitoa?"

"Programu, baba."

"Kila oda na namba yake?"

"Kila oda na yake."

"Basi kwa nini mia nne kumi na mbili imepokelewa mara mbili?"

"Haiwezekani."

"Kiti kimoja hakikaliwi na abiria wawili ila karani amekata tiketi mara mbili. Kukata kwangu mimi, siyo kwako. Hilo la kukata nitakueleza baadaye, utacheka." Akamwekea daftari mikononi. Lote, zima, na jalada lake. "Soma."

Kitinda akasoma amesimama, shati begani. Kisha akakaa juu ya sanduku. Dirisha alimtazama akifuatisha kwa kidole, midomo ikichezacheza, kama alivyokuwa akisoma darasa la kwanza.

"Ilikuwa imefika," akanong'ona. "Ile ya kwanza ilikuwa imefika. Jibu ndilo lililochelewa. Mimi nimeiambia ikikosa jibu itume tena, sikuiambia... Baba! Wiki tatu natafuta! Wiki tatu, na ilikuwa humu ndani!" Akasimama, akambusu kipara, akakaa tena, akageuza kurasa. "Na hii. Na hii hapa. Na hi..."

Kidole kikasimama.

Dirisha alijua kimesimama wapi. Kidole kikapanda juu, kikashuka, kikageuza ukurasa, kikasimama tena mahali pengine.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa, "hizi uliziona?"

"Jana asubuhi."

"Na ukanipa hivihivi."

"Nilianza kunakili zile zako peke yake." Akatoa ile karatasi mfukoni, imekunjamana, akamwonyesha. "Ikanishinda. Ukiondoa dawa, saa hazifuatani."

Hapo Kitinda akalia. Si kile kilio cha Jumatano. Alilia kwa kishindo, kamasi na yote, uso kwenye shati safi la safari, na baba yake akampigapiga mgongoni akisema haya, haya mama, basi, naye machozi yakimwingia kwenye masharubu.

Alipotulia alikwenda kwenye meza ya cherehani, akafungua matumbo ya programu yake. Dirisha akavuta kiti.

"Unamfanya nini?"

"Namfundisha. Akikosa jibu, asitume tena kabla hajauliza."

"Ndivyo. Ukinisukumia nauli dirishani nami nikachelewa, hutoi nauli nyingine. Unagonga kioo. Unauliza, bwana, ile yangu ilifika?"

"Ndiyo ninachoandika." Akaandika kweli, maneno yaleyale, na mstari mpya ukatokea: TAARIFA: hakuna jibu. Nagonga kioo. Kisha akatafuta kila palipoandikwa "imekatwa," naye sasa alishaelezwa, akawa anacheka kwa pua iliyoziba, akaweka "imefutwa."

Dirisha alitazama mikono yake mwenyewe mapajani. "Yeye umemtengeneza," akasema. "Na mimi nigonge kioo cha nani?"

Kitinda akachukua simu, akatoka nje mlangoni. Dirisha akasikia vipande tu. "Hapana, kaka... najua... hapana, yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha, unaelewa? Mwenyewe." Na baadaye, "Saa nne nina mapumziko, nitakuwa napiga kila siku. Na kinyozi yupo hapo mbele, nitamwomba." Kule ng'ambo kinyozi alikuwa anafunga duka, chuma kikikwaruza sakafu.

Alirudi, akasimama mbele ya sanduku lililo wazi.

"Baba. Ile tiketi yako ya kesho imekatwa."

"Kwa Kiswahili changu," mzee akauliza, "au kwa chako?"

"Kwa changu."

Akayatoa mashati yote manne, akayarudisha kabatini ovyo ovyo. Dirisha akaweka uso wa kazi, akafungua daftari, akaandika: saa moja na dakika ishirini jioni, tiketi imekatwa, Kiswahili cha Kitinda. Akapiga mistari miwili chini yake.

Sikudanganyi kwamba mzee amepona. Hicho anachoumwa hakina fundi, na wote wawili wanalijua hilo. Kesho yake, Jumamosi saa tatu na robo asubuhi, treni ikiwa imeshaondoka bila yeye, Dirisha alikuwa amekaa mbele ya Karani na kikopo cha dawa mkononi. Kidonge kilikuwa kiganjani, karibu na mdomo. Hakukumbuka kama alishameza kingine. Akakitazama. Akatazama daftari, hakuna kitu, lakini je, kama hakuandika? Basi akashusha mkono, akagonga kioo cha kompyuta mara mbili kwa ukucha, ko, ko.

"Mama," akaita kuelekea jikoni, "hii yangu ilishafika?"

"Bado, baba," Kitinda akajibu. "Tuma."